Kutengeneza Baiskeli Mwenyewe Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na watu waliokwisha kuifungua baiskeli nyumbani wakakwama. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa msomaji anaelekezwa kwenye swali lake. Jambo moja linajitokeza karibu katika kila jibu: wengi wanaojilaumu kuwa hawana mikono ya ufundi wamekwazwa na vipimo na mielekeo ya nyuzi za nati na bolti ambayo baiskeli haiitangazi kwa macho, na mtu akishaijua, kazi ileile iliyomtesa kwa saa nzima humalizika kwa utulivu.

## Kabla ya kushika spana

1. Nianze na kazi zipi?

Anza na kazi ambazo kosa lake halimwangushi mtu barabarani na ambazo zinaweza kurudiwa bila hasara: kuziba pancha, kusafisha na kulainisha mnyororo, kurekebisha kimo cha kiti. Baada ya hapo ingia kwenye breki za waya, kisha gia. Kunyoosha gurudumu na kufungua beringi kunafaa kusubiri hadi mikono izoee kutambua tofauti kati ya nati iliyokaza vizuri na nati inayokaribia kukatika, kwa kuwa utambuzi huo haupatikani kwa kusoma. Kazi zisizofaa kabisa kufanyiwa nyumbani zimeelezwa katika swali la 24.

2. Je, ni lazima ninunue vifaa vingi?

Hapana. Kazi nyingi za kawaida hufanyika kwa funguo za pembe sita za milimita 4, 5 na 6, spana za milimita 8, 10 na 15, bisibisi mbili, vyuma viwili vya kutolea tairi, pampu, viraka na solusheni. Vifaa maalumu, kama vile cha kutolea friwili, yaani fungu la meno ya nyuma, au cha kung'olea mikono ya pedali, vinunuliwe siku kazi inapovidai, baada ya kuhakikisha aina iliyomo kwenye baiskeli yako, maana meno ya kifaa cha friwili moja huenda yasiingie kwenye nyingine.

Spana ya kurekebishwa, ile ambayo mafundi wengi huiita spana malaya, isitegemewe kwa nati zilizokaza sana. Taya zake huachia nafasi kidogo, na nafasi hiyo ndiyo inayokula pembe za nati. Ni afadhali spana tatu nzuri kuliko kisanduku cha spana ishirini zinazojipinda.

3. Kwa nini kazi ya dakika kumi hunichukua saa mbili?

Kwa sababu mara nyingi si kazi moja. Anayetaka kubadilisha tairi la nyuma hugundua kwamba lazima kwanza aachie breki, kisha aondoe mnyororo kwenye meno, kisha akumbuke mpangilio wa washa kwenye ekseli, na akilirudisha gurudumu hukuta limekaa upande na linasugua fremu. Muda mwingine hupotea katika kutafuta washa iliyobingirika gizani. Tandika kitambaa cheupe chini ya baiskeli, piga picha kila hatua kabla ya kufungua, na usianze kazi usiyowahi kuifanya usiku wa kuamkia siku unayoihitaji baiskeli. Haraka ndiyo inayomfanya mtu achukue nyundo.

## Nati na bolti zisizofunguka

4. Pedali ya kushoto imegoma kabisa kufunguka. Kuna nini?

Yaelekea umekuwa ukiikaza. Pedali ya kulia hufunguliwa kinyume cha mwendo wa mishale ya saa kama nati nyingine, lakini ya kushoto ina uzi wa kinyume na hufunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Kuna sababu ya msingi: ekseli ya pedali ikibanwa na uzito wa mguu ndani ya tundu lake huviringika kidogo kidogo kuelekea upande ulio kinyume na mzunguko wa pedali yenyewe, na kama pande zote mbili zingekuwa na uzi wa kawaida, pedali ya kushoto ingejifungua njiani.

Kanuni isiyokulazimu kukumbuka kulia na kushoto ni hii: weka spana ya milimita 15 kwenye pedali, mkia wa spana ukielekea juu, kisha usukume kuelekea nyuma ya baiskeli. Pedali zote mbili hufunguka kwa kusukuma nyuma na hukaza kwa kusukuma mbele. Kabla ya kutumia nguvu, pandisha mnyororo kwenye meno makubwa ya mbele ili mkono ukiteleza usikatwe na ncha zake. Pedali zisizo na sehemu ya kushikwa na spana hufunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 6 au 8 kutokea upande wa ndani, na hapo macho hudanganya, kwa kuwa unaitazama pedali kutoka nyuma yake.

Pedali nyingi huandikwa R na L kwenye ekseli. Soma herufi hizo kabla ya kurudisha, paka grisi kwenye uzi, na anza kuzungusha kwa vidole. Mimi niliwahi kuulazimisha uzi wa R kwenye mkono wa alumini wa upande wa L, na chuma kigumu cha pedali kiliusaga uzi wote wa alumini kabla sijaelewa kwa nini ilikuwa nzito. Mkono ule haukufaa tena.

5. Je, kuna sehemu nyingine zenye uzi wa kinyume?

Ndiyo, na iliyo muhimu zaidi ni kikombe cha kulia cha beringi za katikati, pale ekseli ya mikono ya pedali inapopita kwenye fremu. Katika kipimo cha Kiingereza, ambacho ni kipenyo cha inchi 1.37 na nyuzi 24 kwa kila inchi, kikombe cha kulia hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa na cha kushoto kinyume chake. Katika kipimo cha Kiitaliano, chenye kipenyo cha milimita 36, pande zote mbili zina uzi wa kawaida. Tambua kipimo cha fremu yako kabla ya kuongeza urefu wa spana kwa bomba.

Friwili ina uzi wa kawaida, lakini kila msukumo wa pedali huikaza zaidi, ndiyo maana huhitaji nguvu nyingi kuitoa. Njia nyepesi ni kukibana kifaa chake kwenye jiliwa na kulizungusha gurudumu lenyewe kama usukani wa gari. Kwa sababu hiyo, usikate spoki za gurudumu la zamani kabla ya kutoa friwili. Ukishazikata huna tena cha kushika.

6. Bolti imeshikwa na kutu. Nifanyeje kabla ya kukata?

Dawa ya kwanza ni muda. Weka mafuta mepesi ya kupenya kwenye uzi, gonga kichwa cha bolti taratibu ili mtikisiko uyafungulie njia, kisha iache hadi kesho na urudie. Unapojaribu, anza kwa kuikaza kidogo sana kabla ya kuifungua, kwa kuwa kuisogeza hata nywele moja upande wowote huvunja mshiko wa kutu. Moto husaidia kwenye chuma kitupu, lakini usikaribishwe kwenye tairi, rangi, beringi zenye grisi wala fremu ya kaboni.

7. Kichwa cha bolti kimelika, ufunguo unazunguka bure.

Acha kuzungusha mara moja. Kila mzunguko wa bure hupunguza kilichobaki. Kwa tundu la pembe sita, chukua biti ya nyota iliyo kubwa kidogo kuliko tundu, igongee ndani kwa nyundo hadi ishike, kisha fungua polepole kwa mkazo usiokatika. Kichwa kikiwa kimejitokeza nje, unaweza kukikata mfereji kwa msumeno wa chuma na kutumia bisibisi bapa. Usirudishe bolti hiyo, weka mpya.

Chanzo mara nyingi ni uchafu uliojaa kwenye tundu na kuuzuia ufunguo kufika mwisho, kwa hiyo chokonoa kwa msumari kabla ya kuanza. Kwa skrubu za msalaba kuna chanzo kingine kisichojulikana na wengi: skrubu nyingi za gia na breki zimechongwa kwa kipimo cha Kijapani, JIS, ambacho kwa macho kinafanana na Phillips lakini bisibisi ya Phillips haiketi vizuri ndani yake na hupanda ikizungushwa. Skrubu hizo mara nyingi huwa na kidoti kimoja kichwani.

8. Nikaze kiasi gani?

Kipimo cha mkazo ni nyutoni-mita, na huandikwa kwenye sehemu nyingi za kisasa kama Nm. Bolti ndogo za usukani mara nyingi huhitaji 5 hadi 6, pedali karibu 40. Kwa asiye na spana yenye kipimo, hesabu hii husaidia: nyutoni-mita 5 kwa ufunguo wa sentimita 10 ni sawa na kuning'iniza kilo 5 kwenye ncha yake, na 40 kwa spana ya sentimita 25 ni kama kilo 16. Jaribu kuinua uzito huo kwanza ili mkono uujue. Wanaoanza huzidisha kwenye bolti ndogo na hupunguza kwenye kubwa, na makosa yote mawili huumiza.

## Tairi, tyubu na magurudumu

9. Nimeziba pancha mara tatu na hewa inatoka tena. Tyubu ni mbovu?

Huenda kilichoitoboa bado kimo ndani ya tairi. Kabla ya kuitoa tyubu, weka alama inayoonyesha ilivyokaa kulingana na valvu; ukishalipata tundu, rudi kwenye tairi mahali palepale na utafute mwiba, kipande cha kioo au uzi wa waya, ambao mara nyingi huchomoza ndani kwa kiasi kisichoonekana. Pitisha kipande cha kitambaa kuzunguka ndani ya tairi, kitanasa penye ncha bila kukukata vidole.

Mahali palipo tundu panaeleza chanzo chake. Matundu mawili yaliyo sambamba, kama alama ya meno ya nyoka, yanaonyesha kwamba tyubu ilibanwa kati ya ringi na jiwe au ukingo, na dawa yake ni kuongeza upepo. Tundu lililo upande wa ndani, ule unaoelekea spoki, linaonyesha kwamba utepe wa ringi umesogea au ncha ya spoki imechomoza. Mpasuko kwenye shina la valvu hutokana na tyubu iliyokaa upande, na huo hauzibiki kwa kiraka.

10. Kiraka hakishiki ingawa nimepaka solusheni ya kutosha.

Tatizo huenda ni hiyo “ya kutosha” pamoja na haraka. Kwaruza sehemu kubwa kuliko kiraka hadi ing'ae isibaki, na kama mstari wa kiwandani unapita hapo, usage hadi uwe sawasawa, kwa sababu hewa hufuata mfereji wake. Paka solusheni kwa tabaka jembamba, kisha subiri hadi ikauke na kupoteza mng'ao wake wa majimaji, kiasi cha dakika tano. Kiraka huungana na solusheni iliyokwisha kukauka. Ukikibandika ikiwa mbichi, kimiminika kilichonaswa chini yake hukiinua. Usiguse sehemu hiyo kwa kidole, na ukishabandika kandamiza kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni.

11. Nimenunua tairi la 26 na ringi yangu ni ya 26, lakini haliingii. Inawezekanaje?

Hili ni moja ya mambo yanayokera kuliko yote, na si kosa la mnunuzi. Nambari ya inchi inatokana na kipenyo cha nje cha kukadiria, cha tairi la zamani lenye upana fulani, na viwanda tofauti viliitumia kwa ringi tofauti. Tairi lililoandikwa 26 x 1.75 hukaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 559, lililoandikwa 26 x 1 3/4 hukaa kwenye 571, na 26 x 1 3/8 hukaa kwenye 590. Kihesabu, 1.75 na 1 3/4 ni kitu kimoja. Kwenye matairi ni vitu viwili visivyobadilishana.

Tafuta kipimo cha ETRTO kilichochorwa ubavuni mwa tairi la zamani, mfano 47-559 au 37-622. Nambari ya kwanza ni upana kwa milimita na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Ya pili lazima ilingane kabisa. Ya kwanza inaweza kutofautiana kidogo ikiwa fremu na breki vina nafasi. Kwa njia hiyo utaona kwamba 700C na 29 zote ni 622, ilhali 28 x 1 1/2 ya baiskeli kubwa za mizigo ni 635, na kwamba 27 ya zamani ni 630, kubwa kuliko 700C kwa milimita 8 tu lakini haikai.

Angalia pia valvu. Ile nyembamba ya Presta hupita kwenye tundu la milimita 6, na nene kama ya gari, yaani Schrader, huhitaji milimita 8.

12. Kila ninapovisha tairi naitoboa tyubu mpya kwa vyuma vyangu.

Tia upepo kidogo kwenye tyubu ili iwe na umbo, kisha ukingo wa mwisho wa tairi uvishwe kwa mikono, ukianzia upande ulio mkabala na valvu na kumalizia kwenye valvu. Katikati ya ringi pana bonde. Ukizisukuma kingo za tairi zilale kwenye bonde hilo pande zote nyingine, unapata ulegevu wa kumalizia bila chuma. Ukiishia mbali na valvu, shina lake huzuia kingo kushuka bondeni na ulegevu huo hupotea. Mwisho, sukuma valvu ndani kidogo kisha ivute, ili kuhakikisha tyubu haikubanwa chini ya ukingo, na kagua pande zote mbili kabla ya kujaza upepo wote.

13. Nilijaribu kunyoosha gurudumu linaloyumba na sasa limekuwa baya zaidi.

Huenda ulizungusha nati za spoki upande usio wenyewe. Uzi wake ni wa kawaida, lakini mtu huitazama nati kutokea kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kwa mtazamo huo kukaza huonekana kama kwenda kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Ili kuwa na uhakika, fikiria kwamba unaitazama kutokea upande wa tairi kama skrubu yenye bisibisi. Hapo kukaza ni kufuata mwendo wa mishale ya saa.

Ringi ikijipinda kuelekea kulia, kaza spoki zinazotoka upande wa kushoto wa habu mahali hapo, na ukiona tayari zimekaza sana, legeza za kulia. Robo mzunguko kwa kila nati inatosha. Zungusha gurudumu utazame, kisha rudia. Kosa la wengi ni kukaza tu bila kulegeza kamwe, hadi mkazo wote unapanda na ringi inajikunja kama kipande cha ngozi juani. Kabla ya kuanza, tia tone la mafuta kwenye kila nati na tumia ufunguo wenye kipimo sahihi. Ringi iliyopinda kwa pigo la shimo, yenye kona inayoonekana, haitanyooka kwa spoki; ibadilishwe.

14. Nimefungua habu na gololi zimemwagika. Zilikuwa ngapi?

Kwa habu za kawaida za koni, yaani nati iliyochongoka inayobana gololi, gurudumu la nyuma huwa na gololi 9 za robo inchi kila upande na la mbele 10 za 3/16 ya inchi kila upande. Zikijaa kikombe kizima bila kuacha upenyo kidogo, umeweka moja ya ziada. Badilisha zote kwa pamoja, maana gololi moja mpya kati ya zilizolika hubeba mzigo peke yake. Zipange kwenye grisi, ambayo itazishika zisianguke. Koni irudishwe hadi gurudumu lisicheze kando lakini lijizungushe lenyewe kwa uzito wa valvu, na kumbuka kwamba kukaza nati ya kufungia husogeza koni, kwa hiyo utarudia marekebisho mara tatu au nne. Hata fundi mzoefu hurudia.

## Mnyororo na gia

15. Nimeweka mnyororo mpya na sasa unaruka. Je, ni mbovu?

Mnyororo ni mzima, lakini meno ya zamani yamelika kufuata mnyororo uliorefuka. Mnyororo haurefuki kwa kuvutika. Pini na matundu yake husagika, na umbali kati ya pini, ambao kwa kawaida ni nusu inchi, huongezeka. Pima pingili 24, kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya ishirini na tano: mnyororo mpya hutoa milimita 304.8. Ukifikia takribani 306.3, yaani asilimia 0.5, mnyororo wa gia 11 au 12 ubadilishwe. Kwa gia chache zaidi unaweza kusubiri 307, na kwa baiskeli isiyo na gia karibu 308. Anayebadilisha mapema huokoa meno, ambayo ni ghali kuliko mnyororo.

Hakikisha pia upana: baiskeli zisizo na gia kwa kawaida hutumia mnyororo wa 1/8 ya inchi, na zenye gia 3/32 au mwembamba zaidi.

16. Gia hazitulii hata nikikaza waya namna gani.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, simama nyuma ya baiskeli utazame kikono kinachobeba kibadilisha gia. Kikiwa kimepinda kuelekea spoki, jambo linalotokea baiskeli ikianguka upande wa kulia, hakuna marekebisho ya waya yatakayofaa hadi kinyooshwe. Kama kimenyooka, kagua waya: kutu au uchafu ndani ya ganda huufanya mnyororo upande vizuri lakini urudi kwa kusita.

Ndipo uingie kwenye marekebisho, na hapa watu huchanganya vitu viwili. Skrubu za H na L zinaweka mipaka tu, yaani mnyororo usidondoke nje ya jino dogo wala kuingia kwenye spoki. Kutulia kwa gia za kati kunatokana na mkazo wa waya, na hurekebishwa kwa kile kirekebishi cha kuzungusha kwa vidole mwishoni mwa ganda: kinyume cha mwendo wa mishale ya saa huongeza mkazo na kuusaidia mnyororo kupanda kwenye meno makubwa. Nusu mzunguko kwa mara moja. Kuhusu bisibisi inayofaa, tazama swali la 7.

17. Je, WD-40 inafaa kulainishia mnyororo?

Ile ya awali, iliyobuniwa mwaka 1953, ilitengenezwa kufukuza maji, na jina lake linamaanisha hivyo. Ni nzuri kwa kusafisha na kulegeza kutu, lakini utando inaouacha ni mwepesi mno kwa mnyororo. Tumia mafuta ya mnyororo, tone moja kwa kila pingili, kisha futa nje yote, kwa kuwa mafuta yanayoonekana nje hukusanya vumbi linalosaga pini.

## Breki

18. Breki zangu zinalia baada ya kubadilisha mipira.

Mpira mpya hulia unapogusa ringi kwa nyuma kwanza. Uweke ili ncha ya mbele iguse kabla ya nyingine kwa tofauti ya unene wa karatasi ngumu. Watu hukunja kipande cha kadi na kukibana kati ya ringi na ncha ya nyuma ya mpira wakati wa kukaza. Safisha ringi kwa spiriti kabla ya kulaumu mpira. Hakikisha mpira hauguswi na tairi hata kidogo, maana utalitoboa ubavuni.

19. Sina ganda la waya wa breki. Naweza kutumia la gia?

Usitumie kamwe. Ganda la breki lina waya uliozungushwa kama springi na hustahimili mbano mkubwa. Ganda la kawaida la gia lina nyaya zilizonyooka kufuata urefu wake, na ukibana breki kwa nguvu linaweza kupasuka na kukuacha bila breki wakati unaihitaji kuliko wakati wote. Waya wenyewe pia hutofautiana: wa breki ni karibu milimita 1.5, wa gia karibu 1.2. Kata kwa kifaa kikali chenye taya za mviringo, kwa kuwa koleo la kawaida huutawanya na hautapita tena kwenye ganda.

20. Nilibana breki ya diski gurudumu likiwa nje, na sasa diski haiingii.

Pistoni zimesogea kwa sababu hapakuwa na diski ya kuzizuia. Zirudishe taratibu kwa kifaa bapa cha plastiki cha kutolea tairi, pedi zikiwa bado zimo. Ukilazimika kuongeza kimiminika, soma kilichoandikwa kwenye breki: zilizoundwa kwa mafuta ya madini huharibika mipira yake zikiwekwa DOT, yaani kimiminika cha breki kama cha gari, na kinyume chake. Mafuta ya mnyororo yakirukia diski, isafishe kwa spiriti. Pedi zilizofyonza mafuta kwa kawaida huhitaji kubadilishwa.

## Hali ngumu zaidi

21. Kota pini, ile inayoshikilia mkono wa pedali kwenye ekseli, haitoki hata nikiigonga.

Igonge kidogo kidogo na utaipinda kichwa, ndipo tabu ianze kweli. Legeza nati hadi usawa wa ncha ya pini ili ilinde uzi, tegemeza mkono wa pedali chini yake kwa bomba zito linalofika sakafuni, kisha piga pigo moja zito lililonyooka. Bila tegemeo, nguvu yote huishia kwenye beringi. Nunua pini ya kipenyo kilekile, kwa kuwa kuna za milimita 9.5 na za 9 zinazofanana machoni. Unaporudisha, pini mbili zielekee pande zilizopingana; zikielekea upande mmoja, mikono ya pedali haitakuwa kwenye mstari mmoja.

22. Mkono wa pedali wa kushoto unalegea kila baada ya siku chache.

Ikiwa ekseli ni ya pembe nne, kuna uwezekano kwamba baiskeli iliendeshwa ikiwa imelegea, na tundu la alumini limepanuka na kuwa mviringo. Kukaza hakutarudisha umbo. Mkono huo ubadilishwe, na bolti ya mpya ikaguliwe tena baada ya safari za kwanza. Unapotumia kifaa cha kung'olea, hakikisha bolti pamoja na washa yake vimetoka, na kifaa kimeingia hadi mwisho wa uzi. Washa iliyosahaulika ndani hukizuia kifaa kufika kwenye ekseli, na uzi wa mkono hung'oka wote.

23. Bomba la kiti limeganda ndani ya fremu.

Alumini ndani ya chuma ikilowa hufanya kutu ya aina yake inayojaza nafasi yote. Fuata subira ya swali la 6 kwa siku kadhaa, ukiigeuza baiskeli juu chini ili mafuta yashuke, kisha zungusha kiti kushoto na kulia badala ya kukivuta. Ukinunua jipya, pima kwa makini: vipenyo hupishana kwa milimita 0.2, kama 26.8, 27.0 na 27.2. Paka grisi, na usivuke alama ya mwisho ya kuinulia.

24. Kazi zipi nisizifanye nyumbani hata kama nina vifaa?

Ufa wowote kwenye fremu au uma wa mbele, uma uliopinda baada ya kugonga, usukani wa alumini uliokunjika, na karibu kila jeraha la kaboni. Alumini iliyopinda ikinyooshwa inabaki na udhaifu usioonekana, na sehemu hizi zikikatika hazitoi onyo. Kunyoosha mwenyewe ili kuokoa fedha si kuokoa.

25. Nimekwama katikati ya kazi na baiskeli iko vipande vipande. Je, niirudishe kwanza ndipo niipeleke kwa fundi?

Hapana, kuirudisha kwa kulazimisha kunaweza kuongeza uharibifu. Pitisha waya kwenye washa na nati kwa mpangilio uliozitoa, weka gololi kwenye chombo chenye kifuniko, chukua picha ulizopiga, na upeleke kila kitu kilivyo, pamoja na sehemu ya zamani uliyotaka kuibadilisha. Mweleze fundi yote uliyojaribu, hasa yale uliyoyalazimisha, kwa kuwa bolti iliyokwisha kupigwa nyundo au kuzungushwa upande usio wake huhitaji kushughulikiwa tofauti na ile ambayo haijaguswa, na yeye hawezi kuyajua hayo kwa kuitazama.